Vibati vya Kilungani

Mbotela, Nairobi
9 Februari 1997

Mzee Muindi Kyule,

Hunijui. Naitwa Khavere Luseno, mama wa watoto wawili, mpimaji katika yadi ya vyuma vikuukuu huku Industrial Area. Mwezi uliopita nilisoma barua yako gazetini, ile uliyoeleza jinsi ya kuitambua shilingi ya Mfalme iliyo halisi na ile ya kughushi. Nikasema huyu ndiye wa kuulizwa.

Watu wa mikokoteni hutuletea mifereji, vitasa na mabomba ya shaba tuyapime. Miaka tisa iliyopita niliona kitu cha mviringo katikati ya mabomba, kipana kama shilingi, kina tundu karibu na ukingo. Kimegongwa KILUNGANI, na chini yake SIKU 1. Wekulo, msimamizi wetu, alikigeuza akasema, "Hiyo si doo, Khavere. Hiyo ni takataka yenye tundu." Nikakilipia kwa uzito wake nikaenda nacho nyumbani.

Tangu hapo ninavyo sitini na vitatu. Vingi ni vya mashamba ya kahawa, ambavyo mchumaji alipewa kwa kila debe. Vingine ni vya mkonge, na kimoja ni cha hoteli ambayo hakuna anayeikumbuka. Majirani hufikiri nimechanganyikiwa.

Naomba unijibu mawili. Je, watu wanaosoma habari za sarafu huvisoma na hivi vibati? Na je, unavyo vya Kilungani? Hivyo ndivyo nivitafutavyo kuliko vyote.

Ni mimi kwa heshima,
Khavere Luseno


S.L.P. Wamunyu
24 Februari 1997

Binti Luseno,

Barua yako imenifurahisha, maana huku kwetu watu wote ni wachonga vinyago na hakuna anayeweza kuzungumza nami juu ya fedha ya zamani hata robo saa.

Nikujibu kwa mpango. Sarafu ni mtoto wa ndani, kibati ni mtoto wa nje. Senti kumi ya Mfalme ilinunua kiberiti Mombasa ikanunua kiberiti Kampala, na hakuna aliyemuuliza mwenye nayo ametoka wapi. Kibati cha Kilungani, ujira wa siku moja, kilinunua kiberiti mahali pamoja tu, duka la shamba, kwa bei aliyoitaka mwenye shamba. Mkata mkonge aliweza kufika stesheni na mwezi mzima wa jasho lake mfukoni, akakosa kununua hata chai. Ndiyo sababu wasomi wamevipuuza. Vitabu vya sarafu viko vingi. Cha vibati vya nchi hii mimi sijakiona.

Lakini nitakuungamia jambo. Nina sarafu ya florini ya 1920 ambayo Mhindi mmoja wa Machakos huja kuibembeleza kila Krismasi, na bado siku za mvua nikikaa peke yangu sitoi hiyo. Natoa vibati. Vya Kilungani ninavyo kumi na kimoja, nilivinunua kwa vikongwe wa upande ule nilipokuwa mtu wa reli.

Tubadilishane. Niandikie unavyo vipi na vipi, na vimegongwaje. Tukiviunganisha vyako na vyangu tunaweza kuandika kijitabu, mimi na wewe.

Muindi Kyule


Mbotela
16 Machi 1997

Mzee wangu Muindi,

Nimeisoma barua yako hadi ikachakaa kwenye mikunjo. Hakuna aliyewahi kuniambia "mimi na wewe" juu ya jambo hili.

Unaruhusu nikubishie? Unasema sarafu ni bora kwa sababu haiulizi mtu ametoka wapi. Mimi naona hapo ndipo inaposhindwa. Shilingi hukumbuka Mfalme tu. Kibati humkumbuka aliyeinama.

Sasa nikueleze kwa nini Kilungani. Baba yangu, Luseno, alikata mkonge pale tangu mwaka wa 1951. Mwaka wa 1956 walimkamata na vibati vya uongo. Wakasema amevitengeneza yeye, mtu ambaye hakujua kusoma hata herufi moja. Wakamfunga kwenye gogo la mzani wa mkonge wakampiga viboko mbele ya wafanyakazi wote, kisha wakamfukuza. Tulirudi Chavakali kwa miguu kutoka Kisumu. Kila aliyepotelewa na kuku alikuja kutazama kwetu kwanza. Baba alikufa mwaka wa 1971, na katika miaka kumi na mitano sikumsikia akisema habari hiyo ila mara moja: aliyegonga zile herufi alijua kuandika.

Kwa hiyo nimekusanya. Ninavyo vya Kilungani kumi na vinne. Sonara mmoja wa Eastleigh aliniazima mzani wake wa dhahabu nikavipima kimoja kimoja. Tisa vina uzito sawa. Vitano ni vyepesi. Kwa macho ni ndugu mapacha, herufi ni zile zile, ni uzito tu unaovitenga. Naamini vitano hivyo ndivyo vilivyompiga baba yangu.

Wewe uliyepita upande ule, unamjua yeyote aliye hai aliyekuwa Kilungani?

Binti yako,
Khavere


Wamunyu
12 Aprili 1997

Mwanangu Khavere,

Nilichelewa kujibu kwa sababu ya homa. Pole sana kwa habari za mzee wako. Miaka ile ilikuwa mibaya na watu wengi walipigwa kwa mengi. Niliokutana nao wa Kilungani wote wamekwisha kufa.

Kuhusu uzito, umefanya kazi ya kisomi na ninakuvulia kofia. Bila shaka vile vitano ni vyepesi. Ganda la risasi ni jembamba kuliko shaba aliyoiagiza mwenye shamba, hata likinyooshwa vipi. Tazama pia tundu. Katika kibati halisi tundu lilitobolewa kwa mashine ya karakana. Hilo jingine lilitobolewa kwa msumari wa viatu kisha likasuguliwa kwa jiwe, na ukipitisha ulimi utausikia ukingo. Lakini herufi, mwanangu, herufi zile ziligongwa na mkono uliotulia. Nathubutu kusema zile za uongo zilikuwa nzuri kuliko za kweli. Mkaguzi wa shamba alivipokea miezi saba.

Usiviuze wala kumpa mtu. Nitumie hivyo vitano kwa rejista nivichore kwa ajili ya kijitabu chetu.

Mzee wako,
Muindi


Mbotela
4 Mei 1997

Ndugu yangu Kweyu,

Msalimie mama na wote wa hapo nyumbani. Kaa chini uisome hii ukiwa peke yako.

Yule mzee wa Wamunyu niliyekuambia tunaandikiana, amejifunga kwa ulimi wake. Mimi nilimwambia vibati vitano ni vyepesi, basi. Yeye akaniandikia kwamba ni maganda ya risasi, yametobolewa kwa msumari wa viatu, na vilipokewa miezi saba. Sikumwambia hayo. Mimi mwenyewe sikuyajua. Nilimpa Wekulo kimoja akakitazama, akasema ndiyo, ni shaba ya risasi. Nikapitisha ulimi kwenye tundu, Kweyu. Ukingo upo.

Jumapili nikaenda Kaloleni kwa Mzee Nabiswa, yule aliyekata mkonge na baba, niliyeambiwa juzi tu kwamba bado yu hai. Nilimuuliza karani wa duka la Kilungani alikuwa nani. Akafikiri, akasema Mkamba mmoja kijana, mwenye mwandiko mzuri, Muindi. Vyuma vya kugongea herufi vilikaa dukani na ufunguo ulikuwa kwake.

Hakuwa mtu wa reli. Alikaa pale akamtazama baba akifungwa kwenye lile gogo, na leo ananiita mwanangu na anataka nimtumie ushahidi kwa rejista.

Sitamgombeza. Nataka aje mwenyewe Nairobi, akiwa amevaa vizuri.

Dada yako,
Khavere


Chavakali
20 Mei 1997

Dada Khavere,

Nimemsomea mama barua yako. Hukuniambia nisimsomee, uliniambia tu niisome peke yangu kwanza.

Alimaliza kupepeta maharagwe. Kisha akasema nikuandikie hivi: "Mwambie aache. Waliokufa wamekwisha lipa." Nikamuuliza mama, huoni furaha kwamba jina la mzee litasafishwa? Akaniambia nitazame kama ng'ombe amefungwa.

Ni woga wa uzee, naona. Lakini mama si mtu wa kusema mara mbili. Fikiri.

Kweyu


Mbotela
15 Juni 1997

Mzee wangu mpendwa,

Vile vitano sikuvituma, rejista huibwa. Afadhali uvione kwa macho yako. Nimezungumza na watu wa kanisa letu hapa Mbotela, wamekubali kutupa ukumbi Jumamosi tarehe 2 Agosti. Watakuja walimu, watu wa chama cha wakusanyaji sarafu cha mjini, na mwandishi mmoja wa gazeti. Wote wanataka kusikia habari za vibati kutoka kwa mtu anayevijua. Nimewaambia hakuna anayevijua kuliko wewe.

Njoo na florini yako, njoo na vibati vyako kumi na kimoja. Nauli nimeweka ndani ya bahasha.

Binti yako,
Khavere


Wamunyu
30 Juni 1997

Mwanangu,

Nauli yako nimeirudisha humu humu. Mzee haalikwi na binti yake akalipiwa. Nitakuja. Nthoki, binti yangu wa mwisho, ambaye ni muuguzi, atanisindikiza. Amenirekebishia suti iliyokuwa imenibana mabega. Fundi mmoja hapa amenichongea sanduku la mpingo lenye vitundu vya kulaza kila kibati, juu nimeweka kioo.

Nthoki hucheka kwamba nimekuwa kama bwana harusi. Miaka sitini na minne, na hakuna siku mtu alinialika nizungumze nikiwa nimesimama mbele na wengine wameketi. Nisamehe nikionekana mwenye majivuno.

Muindi


Mbotela
10 Agosti 1997

Kweyu,

Nimefanya.

Walikuja watu kama arobaini. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alionyesha senti yenye tundu katikati na kibati chenye tundu pembeni, akaeleza kwamba la katikati ni la kupitishia uzi wa mwenye mali, na la pembeni ni la kuning'iniza kwenye msumari wa karani. Watu waliandika. Binti yake alikaa safu ya kwanza akimtazama kama mtoto anavyotazama keki.

Nikampa vile vitano. Nikamwomba awaeleze watu jinsi vilivyotengenezwa. Akavishika, akasahau nafsi yake. Akaeleza ganda linavyopasuliwa, linavyotiwa moto lilainike, herufi ya K inavyogongwa kwanza ili nyingine zifuate mstari. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi hewani. Alipomaliza walimpigia makofi.

Hapo nikamwinua Mzee Nabiswa. Akapita mbele na fimbo yake, akasema, "Hujambo, Karani Muindi wa duka?"

Nikasimama nikasema yote, jina la baba, gogo, safari yetu kutoka Kisumu, kuku wa majirani. Nikasema baba yangu hakujua herufi K ni ipi, na aliyeijua ni huyu mliyempigia makofi. Binti yake akasema taratibu, "Baba, mwambie si wewe." Hakumwambia. Alikuwa bado ameshika kibati kimoja. Alisema neno moja tu: "Viboko vilikuwa ishirini na vinne. Meneja aliniamuru nivihesabu kwa sauti."

Nthoki alimshika mkono wakatoka. Sanduku waliliacha, ikabidi mzee wa kanisa awakimbilie nalo hadi barabarani.

Utaniuliza nilijisikiaje. Nilisikia utamu, Kweyu. Nilirudi nyumbani nikala chakula cha watu wawili. Na sijamaliza. Jana nimeandikia kanisa lake huko Wamunyu, ambako ni mzee wa baraza, wajue wanampa nani sahani ya sadaka.

Mwambie mama, akitaka kusikia.

Khavere


Wamunyu
19 Oktoba 1997

Khavere binti Luseno,

Mwandiko huu ni wa Nthoki. Kiharusi kilinipiga mwezi wa Septemba, mkono wa kulia umekufa na macho hayaoni karatasi. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza asipunguze neno.

Kanisa limenivua uzee. Hilo ni haki. Nililostahili mwaka wa 1956 limenikuta, sina ugomvi nalo. Singekuandikia. Lakini katika barua yako kwao, waliyonisomea mbele ya watu, umeandika kwamba baba yako alikuwa kondoo asiye na kosa. Pale ukumbini nilikunyamazia. Ulikuwa umesimama na jina la baba yako mdomoni, nikaona nikuachie. Sasa mwanangu Nthoki hasalimiwi sokoni, na ananiambia nina deni la ukweli kwake hata kama kwako sina.

Baba yako ndiye aliyekuja kwangu. Alikuja dukani na maganda saba ya risasi, aliyaokota kwenye uwanja wa shabaha wa askari. Alisema, wewe una herufi, mimi nina shaba. Yeye alipasua na kunyoosha, mimi niligonga. Tulichukua sukari na vitambaa dukani kwa vibati vyetu, kisha tukauza bidhaa hizo stesheni kwa shilingi za kweli. Usifikiri ilikuwa njaa. Mimi nilitaka saa ya mkononi. Luseno alitaka baiskeli, nyeusi, yenye taa. Mama yako alishona mfuko wa kuvibebea, wa kitambaa cha marekani, wenye kamba mbili.

Siku walipomkamata walimuuliza mwenzake ni nani. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake na daftari mkononi. Akasema ni peke yake. Nikahesabu. Nilipofika kumi na tano sauti ilikatika, meneja akaniambia nianze upya, nao wakaanza upya. Kwa hiyo si ishirini na vinne alivyopigwa. Ni thelathini na tisa. Hilo sikulisema ukumbini na sijamwambia mtu.

Hakuwa mwizi aliyesingiziwa. Alikuwa mwizi mwaminifu, nami nilikuwa mwizi mwoga. Ukiona nakudanganya, muulize mama yako habari za mfuko.

Naomba unisamehe hesabu ile. Hayo mengine siombi.

Muindi Kyule
(kwa mkono wa Nthoki)


Mbotela
7 Desemba 1997

Muindi,

Barua yako ilichelewa kwa mafuriko, daraja lilikuwa limekatika. Ingezama huko huko ningeshukuru.

Umemwibia baba yangu mgongo wake, sasa unataka na kaburi. Mama yangu ana miaka sabini na mitatu na sitamuuliza habari za mfuko wala kamba. Sitamuuliza chochote. Wewe ni mwongo uliyejifunza kupiga chapa uongo ukafanana na kweli, na hii barua ni kazi yako nyingine ya mkono uliotulia.

Unaomba msamaha wa kuhesabu. Sikupi. Lala hapo na mkono wako uliokufa uendelee kuhesabu, na ukifika kumi na tano uanze upya.

Khavere Luseno


Wamunyu
18 Januari 1998

Khavere Luseno,

Baba yangu alifariki tarehe 22 Desemba. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa na mengi ya kufanya, na kwa sababu sikutaka uje.

Unaweza kutaka kujua habari za mkusanyiko wake. Yule Mhindi wa Machakos alikuja baada ya mazishi akazinunua sarafu zote, akailipia florini bila kunibembeleza bei. Vibati alivisukuma kando, akasema havina soko. Nilivipeleka kwa mtu wa vyuma, akavipima pamoja na bomba la zamani. Sandukuni nimeweka nyuzi zangu za kushonea.

Barua yako ilifika tarehe 19. Alisikia posta imekuja. Akaniuliza kama imetoka Nairobi, nikasema ndiyo. Nilikwenda jikoni nikaisoma kwanza peke yangu. Mimi ni muuguzi, nimeona watu wakifa vibaya, na najua neno likisemwa karibu na mwisho huwa ndilo mtu anaondoka nalo.

Nikarudi nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikaifungua mbele yake, aisikie karatasi. Nikasoma ambayo hukuandika. Nilisoma: "Mzee wangu, nimemuuliza mama, amekubali yote. Baba alikuchagua akunyamazie, nami siwezi kuvunja alichokifanya. Hesabu ile nimeifuta. Binti yako, Khavere."

Akaniomba nirudie. Nikarudia, nikiogopa kukosea maneno. Akaniuliza, "Ameandika neno 'binti yako'?" Nikamwambia ndiyo, ameandika. Akalia kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linafanya kazi. Siku tatu zilizobaki hakuzungumza habari nyingine. Alimwambia kila aliyekuja kumtazama kwamba ana binti Nairobi mwenye moyo mkubwa.

Nakuandikia ili ujue alipokufa hakuwa na barua yako. Barua yako ninayo mimi. Usinijibu. Ukija siku moja kujuta, usije kaburini kwake ukamwambia, maana utamchanganya. Yeye anajua ulikwisha kumsamehe.

Alitaja jina lako kwa upendo hadi pumzi ya mwisho, nami nilikuwa nimekaa pale nimemshika mkono, nikikuchukia.

Nthoki Muindi